Mtu wa Saba wa Kansalu: Kumbukumbu ya Profesa Brigitte Chola

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, sogeza kiti karibu. Kama uko sokoni, mwombe jirani apunguze kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Profesa Brigitte Chola, mwanahistoria wa wafanyakazi, aliyefariki Jumanne iliyopita hapa Lubumbashi. Alikuwa na miaka sitini.

Profesa Brigitte Chola. Wanafunzi wake walimwita "Mama Grève", yaani Mama Mgomo, kwa sababu hakufundisha jambo lingine ila migomo. Nani aligoma, lini, aliomba nini, na kilimpata nini. Hasa katika miaka ya chama kimoja, wakati mtu aliweza kupotea kwa sababu ya sentensi moja.

Familia yake imeturuhusu kusimulia yote, pamoja na lile kosa lake. Sikilizeni basi.

Brigitte alizaliwa Kansalu. Wengi wenu hamulijui jina hilo, na hakuna ajabu. Kansalu ilikuwa kambi ndogo ya wachimbaji, upande wa Kipushi. Mgodi ulifungwa zamani, na leo pamebaki safu tatu za nyumba na mlima mweusi wa mawe. Baba yake, mzee Chola, alikuwa fundi wa mashine. Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, mtu wa maneno machache. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa kijana aitwaye Faustin. Faustin aliendesha lifti ya kushusha wachimbaji chini ya ardhi. Mke wake aliitwa Claudine.

Mwezi wa sita, mwaka 1976, lifti hiyo ilikatika kamba. Wachimbaji wanne walikufa. Faustin alikuwa ameomba kamba mpya mara tatu. Basi wafanyakazi wa Kansalu waliweka vyombo chini. Waliomba mambo mawili: kamba mpya, na posho ya unga iliyokuwa imepunguzwa. Mambo mawili tu. Hawakumtukana mkubwa yeyote.

Siku ya tatu, asubuhi, kukiwa na ukungu wa baridi, wakaja watu wenye makoti marefu. Walichukua kile kipaza sauti cha kuitia wafanyakazi wa zamu. Waliita majina saba, polepole, kama watu wanaogawa posho. Saba. Kila aliyeitwa alitoka mlangoni mwake akaenda. Walifungwa mikono nyuma, wakapandishwa katika kamioni yenye turubai. Kamioni ikaingia katika ukungu.

Hawakurudi. Si mmoja.

Brigitte alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisimama dirishani. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba hakukumbuka kilio chochote siku ile, kwa sababu hakikuwepo. Kambi ilikatazwa kulia. Matanga yalikatazwa. Wanawake saba hawakuruhusiwa kukaa chini kama wajane.

Na kesho yake, kazi ikaanza tena. Kipaza sauti kikaita majina ya zamu, kama kila siku. Lakini karani alikuwa hajanakili orodha upya. Basi alipofikia jina la mmoja wa wale saba, alinyamaza. Muda wa pumzi moja. Halafu akaendelea na jina linalofuata. Kila asubuhi, kwa mwezi mzima, Kansalu ilisikiliza ule ukimya mara saba. Watoto wakaanza kuhesabu vibaya katika michezo yao: tano, sita, nane. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna mzazi aliyewarekebisha.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, linakuja jambo ambalo wazee wa Kansalu walilisimulia kwa sauti ya chini.

Mwaka uliofuata, siku ileile ya mwezi wa sita, Claudine alitoka nyuma ya nyumba kumwaga maji. Akakuta chini ya uzio kifurushi cha kalanga. Zilikuwa mbichi, na udongo bado juu yake. Kitambaa kimefungwa fundo. Hakuna aliyeona mtu. Mwaka wa pili, kifurushi kingine. Mwaka wa tatu, kingine tena. Majirani wakasema ni marehemu Faustin analeta chakula, na chakula cha muzimu hakiliwi. Walimsihi achome moto.

Claudine alizikaanga akazila, peke yake, mlango ukiwa wazi.

Mwaka 1978, Brigitte alikuwa na miaka kumi na mitatu. Saa sita za mchana alipita nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya uzio alisimama mwanamume. Nguo zake zilikuwa na vumbi mpaka magotini. Hakusogea. Hakupepesa macho. Kisha akasema, "Bribri." Jina la utotoni, ambalo jirani mmoja tu alilitumia.

Brigitte alikimbia kwa baba yake. Alimwambia, "Papa, niliona Papa Faustin." Mzee Chola hakuwahi kumpiga mtoto. Siku ile alimpiga kofi. Halafu akashuka mpaka chini, uso kwa uso naye, akamwambia:

"Haukuona muntu. Ule alikufaka. Balikufaka bote saba. Sema."

"Balikufaka bote saba," Brigitte akasema.

Mdogo wake, Mama Lydie, anayeishi mtaa wa Bel-Air, ambaye alimwita yaya, yaani dada mkubwa, alituambia wiki hii: "Yaya Brigitte alikuwa anasemaka, lile kofi njo lilimuingiza ku université. Alitaka kuyua juu ya nini papa alitetemeka."

Na kweli alisoma. Alifanya utafiti wa udaktari juu ya migomo ya Katanga wakati wa chama kimoja. Kisha akawa mwalimu, kisha profesa. Miaka kumi na miwili alizunguka na kinasa sauti chake: Kipushi, Likasi, Kolwezi. Lakini kila mara alirudi Kansalu. Alirekodi mashahidi sitini na mmoja wa ule mgomo. Chama kimoja kilikuwa kimekwisha. Wakubwa wale walikuwa wamekwisha kuondoka. Bado mashahidi waliwasha redio kwa sauti kubwa kabla ya kujibu. Mmoja aligeuza kiti chake akaongea na ukuta. Na walipofikia kwenye kamioni, wazee wengi walipeleka mikono yao nyuma ya mgongo, wenyewe bila kujua, wakaishikanisha hapo mpaka mwisho wa hadithi. Brigitte hakuwaambia. Aliandika tu pembeni ya daftari: "Mikono, tena."

Wote walisimulia mgomo uleule. Wote walinyamaza mahali pamoja. Kamioni, ukungu, basi.

Mwaka 2008 ndipo alipompata dereva wa ile kamioni.

Aliitwa mzee Lucien. Alikuwa mzee wa miaka themanini, karibu kipofu. Alimpokea Brigitte sebuleni kwake na kumwomba afunge dirisha. Mazungumzo yao yako kwenye kanda, na binti wa Profesa ametusomea maandishi yake.

"Mama Profesa, nilibeba bantu saba," alisema Lucien. "Saba. Tulifika ku shimo ya zamani, ile ya mugodi wa kwanza. Balibaambia batoshe bottes mu miguu, juu bottes ilikuwa ya kazi, ilipashwa kurudi ku dépôt. Mimi njo nilirudisha. Nilirudisha bottes ya bantu sita."

"Sita, Papa?"

"Sita."

"Na wa saba alikuwa miguu wazi?"

"Hapana. Alikuwa na bottes yake. Alienda nayo."

Mzee Lucien alieleza taratibu. Kulikuwa na baridi kali, na walinzi wawili walikaa mbele pamoja naye. Nyuma walifunga turubai tu. Kabla ya kuondoka, Lucien aliacha kipande cha mlango wa nyuma bila kukifunga. Kwenye kona aliendesha polepole sana. Katika kioo aliona kitu kinaanguka ndani ya ukungu. Akaangalia mbele. Walipofika kwenye shimo, walinzi walihesabu sita. Waliogopa kuliko wafungwa wao. Mmoja akasema, "Sisi tulileta saba." Na ripoti ikaandikwa saba.

"Miaka makumi tatu na mbili," alisema Lucien, "sikumuambia hata padri."

Brigitte hakurudi nyumbani siku ile. Alikwenda moja kwa moja Kansalu. Mama Claudine alikuwa bado anaishi katika nyumba ileile, ukuta uleule. Watoto wake walimwomba mara nyingi ahamie mjini, akakataa. Brigitte alimweleza habari ya zile bottes, buti za kazi. Alidhani mama atalia, au ataanguka.

Mama Claudine alisimama, akaingia chumbani, akarudi na rundo la vitambaa. Vilikuwa vimefuliwa na kukunjwa. Thelathini na kimoja. Vya mwisho vilikuwa vipande vya magunia yenye maandishi ya kinu cha kusagia cha Lukafu.

"Niliyua toka mwaka wa kwanza," alisema. "Muzimu haifungake fundo."

"Mama, mbona haukusema?"

"Nikisema iko muzima, banamutafuta. Nikisema alikufa, banamuacha. Bantu baliogopa kalanga, miye nilibaacha baogope."

Mwanamke huyu alimlinda mume wake kwa kumwita maiti. Miaka thelathini na mmoja alipokea salamu zake chini ya uzio, na hakuwahi kuchungulia kuona anayezileta.

Mwaka 2009 Brigitte alikwenda Lukafu. Alimkuta mkulima aitwaye Papa Chisanga. Aliishi peke yake pembezoni, mtu mpole, hana mke. Alipoona gari alikuwa shambani. Hakukimbia. Aliegemea jembe akamtazama mgeni akishuka, kisha akasema, "Bribri. Umezeeka."

Walikaa siku mbili. Faustin alisimulia yote. Ndani ya kamioni wale saba walifungwa kamba moja, naye alikuwa wa mwisho, na fundo lake lilikuwa legevu. Lilipofunguka, alitaka kuwafungua wenzake. Hakukuwa na muda. Aliyekuwa karibu naye alimsukuma kwa bega akamwambia: "Enda, ukaseme."

"Balinituma niseme," Faustin alimwambia Brigitte. "Sikusema. Nilifika ku pori, nikanyamaza mupaka leo."

Kila mwaka alipanda kinga, baiskeli yake, siku nne kwenda na siku nne kurudi, ili aweke kalanga chini ya uzio. Shambani kwake Brigitte aliona kitu cha ajabu. Kati ya mahindi kulikuwa na matuta sita yaliyolimwa vizuri, yamepaliliwa, hayana jani moja la magugu. Na hayana mbegu. Alimuuliza ni ya nini. Faustin alisema, "Ile si yangu." Alipokuwa analima, alisema, alisikia nyuma yake watu wanatembea miguu wazi. Hawakumwita. Walimfuata tu mpaka mwisho wa tuta, na alipogeuka nao waligeuka.

Alimpa Brigitte majina, mahali, saa, kila kitu. Kwa sharti moja. "Jina yangu, hapana. Mupaka nikufe."

Wasikilizaji wapendwa, tufahamiane vizuri hapa. Brigitte alikuwa na ushahidi. Familia sita zilingoja nusu ya maisha yao kujua wapendwa wao wamelala wapi. Shahidi mmoja tu alijua yaliyotokea ndani ya kamioni. Na shahidi huyo aliomba abaki maiti.

Brigitte alifikiri hofu ya mzee imepitwa na wakati. Mpaka mwaka 2011. Alikuwa anatoa mhadhara hapa mjini, asubuhi, ukumbi umejaa. Alizungumzia "wale saba wa Kansalu", kama kawaida. Wakati wa maswali, mwanamume mzee mwenye koti safi alisimama safu ya nyuma. Aliuliza kwa upole mkubwa:

"Profesa, uko na hakika ni saba?"

Ukumbi haukuelewa kitu. Brigitte alielewa. Alisimulia baadaye kwamba aliona midomo ya yule mtu ikitabasamu, na macho yake yakihesabu. Alishika meza. Akajibu:

"Ni saba. Walikufa wote saba."

Maneno yaleyale ambayo baba yake alimlazimisha kusema akiwa na miaka kumi na mitatu. Mzee yule alishukuru, akaketi. Mhadhara ulipokwisha, kiti chake kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemwona tena.

Mwaka 2012 kitabu chake kikatoka. Ni kitabu kikubwa, kinasomwa mbali. Na ndani yake Profesa Brigitte Chola, mtu aliyewanyima alama wanafunzi kwa tarehe moja isiyo sahihi, aliandika uongo. Aliandika kwamba wafungwa saba waliuawa kwenye shimo la zamani la Kansalu. Mashahidi wa ndani ya kamioni: hakuna. Alijua anachofanya. Binti yake, Abigaël, anakumbuka siku ya sherehe ya kitabu: "Bantu balikuwa banapiga makofi. Maman aliniambia mu sikio: 'Banashangilia mahali nilidanganya.'"

Miaka saba alibeba mzigo huo. Familia sita zilimwuliza, "Profesa, nani alikuambia ni kwenye shimo lile?" Alijibu hawezi kusema. Mama mmoja alimtemea mate miguuni. Alirudi nyumbani na viatu vile, akakaa navyo mpaka jioni.

Faustin alifariki Lukafu mwaka 2019, kifo cha uzee, kitandani. Brigitte alimpeleka Mama Claudine kwenye mazishi. Miaka kumi alikuwa amekataa kwenda. Kila mara alisema, "Nikienda, banafuata njia yangu." Sasa alikwenda. Wanakijiji walikuwa wanamlilia Papa Chisanga. Mama mmoja alimwona mgeni huyu amekaa kimya, akamwuliza kwa huruma:

"Mama, ulijuaka marehemu?"

"Njo bwana yangu," alisema Mama Claudine.

Kisha akalia. Miaka arobaini na mitatu baada ya kamioni, alilia kwa sauti, na hakuna mtu aliyemkataza.

Mwaka uliofuata Brigitte alichapisha kurasa nne. Ndani yake alisema wazi: nilidanganya, hapa ndipo nilipodanganya, na hii ndiyo sababu. Aliweka ushahidi wote wa Faustin, kwa jina lake la kweli. Hakusamehewa na wote. Kuna wenzake waliosema kwamba aliyedanganya mara moja, tutamwamini vipi tena? Mialiko ikapungua. Mama Lydie anasema dada yake hakujitetea. "Alisema, banasema kweli. Nilidanganya. Muzee alikufia mu kitanda. Nitachagua vile tena."

Mwezi wa sita 2021, familia sita zilikusanyika Kansalu, kwenye shimo la zamani lililofunikwa saruji. Walifanya matanga yao kwa mara ya kwanza. Brigitte aliazima kipaza sauti cha parokia akasoma majina. Nasi tunayasoma hapa, kwa sababu hayakuwahi kusomwa redioni. Sylvain Mutale. Célestin Mwape. Norbert Kisimba. Doudou Kalenga. Alphonse Mwewa. Jérôme Kipili.

Kila jina liligonga ule mlima mweusi wa mawe, likarudi. Ulikuwa mchana, jua kali, hakuna upepo. Na wako watu wengi, watu wazima wenye akili zao, wanaoapa kwamba baada ya jina la sita kurudi, mwangwi ulirudi mara nyingine. Mara ya saba. Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Watu walitazamana. Mama Claudine peke yake hakutazama popote, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeitikia hodi.

Tulimwuliza Profesa mwenyewe, alipokuja studio hii mwaka 2022. Ni mtafiti, tulidhani atacheka. Hakucheka. Alisema: "Nilisikiliza kanda mara nyingi. Ku kanda iko sita. Ku masikio yangu ilikuwa saba. Niliandika yote mbili."

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka jana. Aliendelea kufanya kazi mpaka mwezi uliopita, kwa sababu baada ya zile kurasa nne, watu walianza kugonga mlango wake. Hawakuwa wa Kansalu. Walitoka kila mahali. Walikuja na picha, na kipande cha kadi ya kazi, na wengine mikono mitupu. Kila mmoja alisema, kwa namna yake, "Na sisi tuko na wetu." Abigaël aliwahesabu: arobaini na watatu. Profesa aliwasikiliza wote, wa mwisho yeye mwenyewe akiwa amelala, mrija mkononi. Aliyekuja alitaka kuondoka, akiona hali yake. Profesa akamwambia: "Kaa, mama. Anza na jina."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa rambirambi zetu kwa binti yake Abigaël, kwa mdogo wake Mama Lydie, kwa Mama Claudine ambaye anatusikiliza kutoka Kansalu, na kwa wanafunzi wote aliowafundisha. Mungu awape nguvu, na ampokee dada yetu.

Tufikiri pia, kila mmoja mahali alipo. Nyumba nyingi za mji huu zina jina ambalo watoto hawalijui. Wazee wanaolijua wanapungua kila msimu wa baridi. Waulizeni wangali na pumzi, na wakitaka kuwasha redio kwanza, waacheni waiwashe.

Na hili ni tangazo la familia, tunalisoma kama tulivyolipokea. Mazishi ni Jumamosi, saa nne za asubuhi, baada ya misa. Familia inaomba musilete maua. Kutakuwa na meza mlangoni, daftari, na Abigaël atakuwa amekaa hapo na kalamu. Mwenye jina, alilete.